Vitshumbi, kijiji kinachoishi kwa ruhusa

Ukiuliza bei ya samaki Mabanga, hapa Goma, kabla hujajibiwa utaulizwa wewe: samaki yupi? Wapo sambaza, wanaovuliwa usiku hapa hapa Ziwa Kivu na kupimwa kwa kikombe. Yupo thomson wa barafu, anayefika ndani ya maboksi kutoka bahari ambayo muuzaji hajaiona wala mnunuzi hataiona. Na yupo yule ambaye mama wa nyumba humgeuza mara mbili, akafunua mashavu yake kuona kama ndani bado pana wekundu, ndipo akaanza kubishania bei kwa moyo wote: tilapia wa Vitshumbi. Wauzaji wengi wa soko la Virunga na Birere huapa kwamba samaki wao katoka Vitshumbi. Baadhi yao husema kweli.

Jina hilo linajulikana mjini kuliko kijiji chenyewe. Wengi wetu tuliokulia juu ya mawe meusi ya komini ya Karisimbi tumekula samaki wa Vitshumbi miaka nenda rudi bila kukanyaga ufukwe walikotoka, na siku hizi kuukanyaga ni safari ya kufikiriwa vizuri. Kijiji kiko ncha ya kusini ya Ziwa Edward, katika wilaya ya Rutshuru, kama kilomita 150 kaskazini mwa Goma. Unapita Kibumba ukiwa na Nyiragongo ubavuni, unapita Rutshuru mjini na Kiwanja, unaingia kwenye uwanda wa nyasi na migunga hadi Rwindi, palipokuwa na hoteli ya watalii enzi za Mobutu. Hapo unaiacha barabara ya Kanyabayonga na kushuka ziwani. Kipande chote hicho cha mwisho kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na kijiji chenyewe kimo pia. Shika hilo, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu kuhusu Vitshumbi.

Hapa hakuna shamba. Udongo hauna kosa, ila kulima ni marufuku. Unga wa muhogo, maharage, ndizi, viazi, hata sombe ya mchana, vyote huja kwa gari, kwa pikipiki au kwa mtumbwi kutoka nje. Kuchunga ng'ombe ni marufuku, kukata mti ni marufuku, na kujenga nje ya eneo lililopimwa ni kujitafutia kesi. Mtoto akikua, akaoa, akataka kiwanja, kijiji hakina pa kumweka isipokuwa kwa kubana ua wa baba yake. Kilichoruhusiwa ni kuvua, nacho kwa masharti: mitumbwi mingapi, nyavu za matundu gani, pahali gani pa kutega na pahali gani pa kuacha. Upande wa Kongo wa ziwa hili vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa kisheria ni vitatu tu, yaani Vitshumbi, Nyakakoma iliyo mashariki kuelekea mpaka wa Uganda, na Kyavinyonge huko kaskazini. Vingine vilivyoota ufukweni, Kamandi, Lunyasenge, Taliha na wenzao, wasimamizi wa hifadhi huvihesabu kuwa ni vya uharamu, ingawa wakazi wake nao wana makanisa, shule na makaburi.

Kwa mtu wa Goma, habari ya maziwa haya mawili ina kichekesho chake. Zamani sana, kabla ya milima ya Virunga kusimama, maji ya bonde la Kivu yalitiririka kwenda kaskazini, upande wa Edward. Volkano zilipoinuka zikaziba njia. Kivu likajaa, likatafuta pengine pa kutokea, likakuta Ruzizi na kumwaga maji yake Tanganyika. Mawe tunayopanga kuwa kuta za nyua zetu Mabanga ni ya ukoo wa boma hilo, ingawa yetu ni machanga, mengine ya Januari 2002, mengine ya Mei 2021. Kwa hiyo mvua inayoanguka Goma huishia bahari ya Atlantiki, na ile inayoanguka Rutshuru, mwendo wa saa mbili tu kwa gari barabara ikiwa nzuri, hupita Edward, Semliki na Ziwa Albert mpaka ikafika Misri. Mto Rutshuru wenyewe, kabla ya kufika ziwani si mbali na Vitshumbi, huzungusha mitambo ya umeme ya Matebe, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2015 na baadaye ikasaidia kuwasha taa hadi huku kwetu.

Tofauti ya pili iko sahanini. Kivu ni ziwa la kina kirefu, lenye gesi chini na historia ya misukosuko ya volkano. Aina zake za samaki hazifiki 30, na hata sambaza tunaojivunia waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 2,300, sehemu yake kubwa ni maji mafupi yenye joto, na limejaa uhai. Tilapia, kambale, kamongo, na yule samaki mwenye masharubu ambaye wavuvi humwita bagrus, wote wako humo. Sangara, aliyelivuruga Ziwa Victoria, hakufika. Maporomoko ya Semliki yalimzuia njiani.

Na watu wamejua utajiri huo tangu lini? Ukingoni mwa Semliki, pahali paitwapo Katanda, wanaakiolojia walifukua vyusa vya mfupa vilivyochongwa meno kwa ufundi, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na umri waliokadiria ni kama miaka 90,000. Kilomita chache kutoka hapo, Ishango, Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 kile kijifupa maarufu chenye mistari iliyochanjwa kwa mafungu, ambacho sasa kiko Brussels na hutajwa katika vitabu vya historia ya hesabu. Wataalamu wanabishana hadi leo kilikuwa cha kuhesabia nini. Mvuvi wa Vitshumbi angejibu kabla hujamaliza swali.

Nayaleta haya kwa sababu moja. Kuna mazoea, mjini Goma na hata katika ripoti za wageni, ya kumtaja mvuvi wa ziwa hili kuwa ni mvamizi aliyeikuta hifadhi akaiingilia. Hifadhi ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1925, ikapewa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, kwanza kwa ajili ya gorila wa milimani. Baadaye, mwaka 1929 na katika miaka ya 1930, ikapanuliwa hadi kumeza uwanda mzima wa ziwa. Miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa umetanda, na serikali ya kikoloni ikawa inawahamisha watu kutoka ufukweni. Mbung'o akawatoa watu, sheria ikawazuia wasirudi. Ni mwishoni mwa miaka ya 1940 tu ambapo mlango ulifunguliwa kidogo, kwa ushirika wa wavuvi wenyeji ulioitwa COPILE na baadaye ukajulikana kama COPEVI. Vitshumbi tunayoijua ilikua chini ya ushirika huo. Mwanzo wake, basi, ni kibali, na mpaka leo mkazi wake huongea kuhusu kibali hicho kwa namna ambayo mkulima wa Masisi huongea kuhusu mvua.

Hata jina la ziwa halikuachwa litulie. Stanley alipofika 1889 alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 Mobutu na mwenzake wa Kampala wakakubaliana liitwe Ziwa Idi Amin Dada, likawa hivyo hadi Amin alipoangushwa 1979. Tilapia hawakubadilika ladha.

Ufukwe wenyewe una saa zake. Mitumbwi hutoka jioni kwenda kutega, hurudi kukipambazuka, na kati ya hapo kijiji hulala nusu usingizi, sikio likiwa upande wa maji. Alfajiri wanawake hushuka na mabeseni ya plastiki. Mashua ikigusa mchanga, maneno huwa machache mno, kwa kuwa hesabu ilishafanyika kichwani tangu ilipoonekana jinsi ilivyozama majini: mtumbwi unaoelea juu juu haumfurahishi mtu. Mwenye mtumbwi na nyavu ana fungu lake, mafuta ya injini yana fungu lake kama injini ipo, na kinachobaki ndicho wanachogawana waliokesha. Mwenye chombo mara nyingi hayupo hapo. Yuko Kiwanja, Butembo, au Goma. Wapo wenye mitumbwi wanaolala Mabanga na Katindo ambao hawajui kuogelea.

Mtazame anayepaa samaki, maana kazi hiyo ina ufundi ambao mlaji hauoni. Mkono wa kushoto umebana kichwa, kisu kifupi kinakwenda mbio kinyume cha magamba hadi yanamrukia kwenye nyusi. Kisha ncha inaingia chini ya tumbo na kupanda hadi kooni, si kwa nguvu, kwa uzito wa kisu tu, na vidole viwili vinavuta matumbo yote kwa mara moja bila kupasua nyongo. Nyongo ikipasuka nyama huwa chungu, na lawama zitapanda gari mpaka Goma na kurudi. Matumbo yenyewe hayakai chini. Nyuma yake amesimama korongo mfukoshingo, kipara, kifuko kimening'inia shingoni, kimo chake kikimfikia mtu mzima kifuani, ametulia kama mdai aliyekuja mwisho wa mwezi. Wako wengi: juu ya mabati, katikati ya njia, mlangoni pa kanisa. Hakuna anayewafukuza, kwa kuwa hao ndio wafagiaji wa ufukwe. Mwari nao huelea karibu na kusubiri zamu, na usiku viboko hupanda kati ya nyumba kula majani, wakipita palepale ambapo mchana watoto walicheza mpira.

Tilapia wa mjini huondoka mbichi mapema iwezekanavyo, barafu ikipatikana. Wasiopata gari hupasuliwa mgongoni, wakafunuliwa, wakapakwa chumvi na kuanikwa. Kambale na kamongo, wenye nyama nzito na mafuta, hubanikwa juu ya mapipa yaliyokatwa katikati na kutandazwa waya. Hapo ndipo kijiji kinapogongana na kibali chake kila siku. Kubanika kunataka kuni, na kuni zimo ndani ya hifadhi. Kila kapu la kambale mkavu unaloliona Birere, ukilinusa moshi, ujue moshi huo ulitoka kwenye mti ambao haukupaswa kukatwa. Anayetumwa kuutafuta ni mwanamke au mtoto. Huko porini anaweza kukutana na askari wa hifadhi, au anaweza kukutana na wenye bunduki wasio na jina wala mkuu wa kuwashtaki kwake, na hao wa pili ndio wanaoogopwa.

Kuhusu samaki kupungua, kila mtu ana mtuhumiwa wake. Hifadhi husema ni wavuvi. Wavuvi husema ni wageni. Wageni husema ni Uganda. Mimi naona tungeanza na kiboko.

Kiboko hula nchi kavu usiku, kilo kama 40 za majani kwa mnyama mmoja, na mchana hukaa majini akitoa alichokula. Samadi hiyo ndiyo mbolea ya ziwa. Huotesha mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa jicho, na tilapia wa Edward anaishi kwa kuichuja hiyo. Kiboko, kwa maneno mengine, ndiye aliyekuwa akihamisha uwanda wa Rwindi na kuutia majini, kila usiku, bila malipo. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 29,000 katika Virunga, kundi ambalo halikuwa na mfano duniani. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Waliuawa na wanajeshi wasiolipwa mishahara, na wakimbizi na wanamgambo waliomiminika kutoka Rwanda 1994 na baada yake, na wapiganaji wa Mayi-Mayi, kwa ajili ya nyama na meno. Baadhi ya nyama hiyo ilipita mikononi mwa wavuvi wenyewe, na si haki kulificha. Ila mvuvi hakuwa na bunduki ya rashasha, na maghala ya silaha hayakufunguliwa Vitshumbi.

Watu wa sayansi hukumbusha kwamba mambo mengine nayo yamo: udongo unaosombwa kutoka milima iliyolimwa, nyavu, wingi wa vyombo. Sawa. Lakini mzee yeyote wa ufukweni atakuambia mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba zamani viboko walikuwa wengi hata ukawapigia kelele wakupishe, na kwamba zamani tilapia mmoja alitosha nyumba. Wao hawayatenganishi.

Sheria inataka nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi nne na nusu, ili tilapia mchanga apite. Ni sheria nzuri na kila mvuvi anaweza kukueleza faida yake vizuri kuliko afisa aliyetumwa kuisimamia. Kisha usiku huo huo atashusha wavu wa matundu madogo, au wa kukokota kwenye midomo ya mito ambako samaki huzalia. Kumwita mjinga ni kutomwelewa. Mwenye shamba akikosa mavuno anaweza kula mbegu, akauza mbuzi, akakodisha kipande cha ardhi. Mtu wa Vitshumbi hana mbegu wala mbuzi wala kipande. Ana usiku wa leo. Akirudi mtupu, hata ndizi hali, kwa kuwa ndizi hununuliwa.

Na idadi ya watu haiamuliwi naye. Vita vya Rutshuru, vya Masisi na vya Lubero vimekuwa vikisukuma familia ziwani kwa miaka 30 sasa, kwa sababu uvuvi ndiyo kazi pekee ya nchi hii ambayo mtu anaweza kuianza jioni akiwa hana kitu na asubuhi akawa na hela mkononi. Mnande, Mhunde, Mhutu, kila mmoja amefika na lugha yake na kukuta ufukwe unaongea Kiswahili. Nadhani hakuna aliyewahi kukaa na kuuliza kijiji kilichopimwa kwa ajili ya ushirika mdogo wa 1949 kibebe wangapi. Kila mara jibu limekuwa doria zaidi.

Doria nazo zina bei. Mvuvi halali hulipia leseni, hulipia mtumbwi, hulipia kutua, na kila sare inayosimama ufukweni huwa na risiti yake au haina haja ya risiti. Katikati ya ziwa kuna mpaka wa Uganda ambao hauna ukuta wala bendera, na samaki hawaujui. Upande ule, tangu 2017, jeshi la Uganda lina kikosi maalumu cha kulinda uvuvi, na wavuvi wa Kongo wanaovuka, kwa kujua au kwa kusukumwa na upepo, hukamatwa, hupoteza injini na nyavu, na kufikishwa mahakamani mbali na kwao. Julai 2018 majeshi ya majini ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi juu ya maji hayo na watu wakafa. Inasemwa kwamba upande wa Uganda samaki wamerudi kwa sababu ya ukali huo, na bila shaka ukali umechangia. Ila ndio maana pia mvuvi wa kwetu anavutwa kwenda huko. Mtego na chambo viko pahali pamoja.

Halafu likaja suala la mafuta. Kampuni ya SOCO ya London ilikuwa na kibali cha kutafuta petroli katika kitalu namba V, kinachokanyaga hifadhi na ziwa, na mwaka 2014 ilipima chini ya maji ya Edward kwa mitetemo. Vitshumbi ikagawanyika. Wapo waliosikia neno kazi na barabara, na ni nani wa kuwalaumu, wakati kijiji chao hakijawahi kuahidiwa lolote na mtu yeyote aliyevaa viatu safi. Wapo waliouliza samaki watakwenda wapi mafuta yakimwagika. Aprili mwaka huo mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani kati ya Goma na Rutshuru, akapona. Human Rights Watch iliripoti kwamba waliopinga utafutaji huo walitishwa, walikamatwa na kupigwa. Kampuni ilikana kuhusika na vurugu. Juni ikatangaza kwamba itajiondoa baada ya vipimo. Filamu iitwayo Virunga, iliyotoka mwaka huo huo na kushindania tuzo ya Oscar, iliuonyesha ulimwengu ufukwe huu, na kwa miezi michache Vitshumbi ikawa na marafiki wengi sana.

Marafiki walipotawanyika, ramani zilirudi. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta, baadhi vikiingia tena Virunga. Mnada ukasuasua, ukafutwa Oktoba 2024. Katika mambo yote hayo mawili, kibali kutolewa na kibali kufutwa, kijiji kilipata habari kwa redio.

Kufikia wakati huo kilikuwa na shida iliyo karibu zaidi. Oktoba 2022 waasi wa M23 waliingia Rutshuru mjini na Kiwanja, na barabara ya Goma ikawa ya wenye silaha. Samaki wa Vitshumbi, ambao huharibika kwa saa, wakawa wanangoja kwa siku, au wakapanda boti kuelekea Kyavinyonge na kutokea soko la Butembo. Mabanga tukala sambaza. Bei ya tilapia mkubwa ilipanda mpaka ikawa ya sikukuu na wageni. Machi 2024 mapigano yakafika kijijini penyewe. Mabomu yakaanguka na watu wakakimbilia majini kwa sababu nyuma yao hakukuwa na njia nyingine. Kijiji kikawa chini ya M23. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 na sisi Goma tukawa katika hali hiyo hiyo, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na barabara ya Rutshuru, kwa kejeli ya mambo, ikapitika kwa kuwa sasa ncha zake zote mbili zilikuwa mikononi mwa watu wale wale. Tilapia wakaonekana tena kwenye mabeseni. Mama wachuuzi niliowasikia wakilizungumzia hilo hawakuonyesha furaha wala huzuni. Walizungumzia vizuizi vimebaki vingapi na kila kimoja kinataka nini.

Ukitaka kujua kijiji hiki kinavyotawaliwa, angalia maji yake ya kunywa. Ziwa ndilo bomba. Hapo hapo pa kutua samaki ndipo pa kuchota, kuoga na kufua, na kipindupindu ni mgeni anayejua njia. Mapema Aprili 2025 hifadhi ilitangaza kwamba viboko wasiopungua 50 wamekufa kwa kimeta kando ya mto Ishasha, unaoingia Edward upande wa kusini, na mizoga ilikuwa ikielea. Ugonjwa huo hukaa kwenye udongo miaka mingi, na mtu huupata kwa kugusa au kula mnyama aliyekufa nao. Taasisi ya hifadhi ya Kongo, ICCN, ikatoa onyo kwa wakazi wa eneo hilo: wasile nyama ya porini, na wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Ushauri ni sahihi kabisa, hata daktari asingeongeza neno. Ila kwa Vitshumbi kuni za kuchemshia hayo maji, kwa mujibu wa kanuni za taasisi hiyo hiyo, ni marufuku kuzikusanya.